Mtoto Mwenye Kiu Isiyokwisha

Mtoto akinywa maji kama mtu aliyelima juani kutwa, akikojoa mara kwa mara, akianza tena kulowesha kitanda, naye akikonda ingawa anakula, tusikimbilie kusema ni minyoo au malaria, wala tusimtafute jirani aliyemroga. Huenda ni ugonjwa wa sukari. Pale Nyamitaba, kama katika Masisi yote, wengi wetu tumezoea kuuhesabu kuwa ugonjwa wa wazee wanene wa mjini.

Ni ugonjwa wa zamani. Waganga wa Bara Hindi waliona tangu kale kwamba sisimizi huufuata mkojo wa wagonjwa hao. Lakini kuona si kuponya. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyeshikwa nao hakuwa na miaka mingi ya kuishi. Tiba iliyokuwapo ilikuwa njaa: huko New York mganga Frederick Allen aliwapimia wagonjwa chakula kidogo mno ili wapate siku chache zaidi, nao wakabaki mifupa. Sisi tuliowaona watoto wa wakimbizi twaijua sura hiyo.

Mwaka 1921, mjini Toronto katika Kanada, Frederick Banting na kijana Charles Best walianza kuwajaribia mbwa dawa iliyotoka katika kongosho. Kiungo hiki kimejificha nyuma ya tumbo, nacho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuiingiza sukari ya damu mwilini. Tarehe 11 Januari 1922 Leonard Thompson, mwenye miaka 14 na kilo kama 30 tu, alichomwa sindano ya kwanza. Haikufaa, maana dawa haikuwa safi. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 wakamchoma tena. Sukari ikashuka, kijana akapata nguvu, akaishi hadi mwaka 1935. Wavumbuzi waliiachia Universiti ya Toronto haki ya dawa yao kwa dola moja kila mmoja. Laiti wanaoiuza leo wangeikumbuka bei ile!

Mama asijilaumu: ugonjwa huu wa watoto, wa namna ya kwanza, hautokani na kula sukari. Lakini sindano ni ya kila siku, maisha yote, hata siku ambayo mtoto ana homa. Akikosa siku chache tu, damu huharibika, naye aweza kufa. Akitetemeka na kutoka jasho, sukari imeshuka mno. Apewe mara moja maji ya sukari au asali, maadamu aweza kumeza. Kwa hiyo barabara ya Masisi inapofungwa na vita, si chumvi na sabuni tu zinazokosekana.

Iko namna nyingine, inayowashika vijana waliokua katika njaa. Shirika la Afya la Ulimwengu liliitaja mwaka 1985, likaifuta katika orodha mwaka 1999; mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaipa jina la namna ya tano.

Na wasio na friji? Waganga Wasio na Mipaka, pamoja na Universiti ya Geneva, walichunguza insulini kwa joto la kambi ya Dadaab, Kenya. Mwaka 2021 walitangaza kwamba chupa iliyokaa wiki nne katika joto la digrii 25 hadi 37 haikupoteza nguvu yake. Vilima vya Nyamitaba vina baridi kuliko Dadaab.