Mpiga Picha wa Ridhaa Katika Mahali pa Hadhara: Historia ya Haki Isiyoandikwa

Kiswahili kinapotaka kumtaja mtu anayefanya jambo kwa kulipenda, wala si kwa kulipwa, husema anafanya kwa ridhaa. Ziko ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Kadhalika, yuko mpiga picha wa studio na gazeti, na yuko mpiga picha wa ridhaa, yule anayetoka nyumbani Jumamosi na kamera yake kwenda kutazama mji. Lakini neno hilohilo hubeba maana ya pili, ambayo wanasheria huipenda zaidi: ridhaa ni kukubali kwa mtu kutendewa jambo. Hivyo, mpiga picha wa ridhaa anapomwelekezea kamera mpita njia, ridhaa mbili hukutana barabarani, ya anayepiga na ya anayepigwa, na mara nyingi ya pili haijaulizwa. Historia ya haki ya kupiga picha mjini ni historia ya mkutano huo, pamoja na ya mtu wa tatu aliyejitokeza baadaye kidogo, naye ni askari.

Mwanzoni suala hili halikuwapo, kwa sababu za kiufundi tu. Mwaka 1838 hivi, Louis Daguerre alielekeza kamera yake kutoka dirishani kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Ilikuwa barabara yenye pilikapilika, lakini katika picha haonekani farasi wala gari. Bamba lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na kila kilichotembea kilifutika. Akabaki mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu, kwa kuwa yeye hakusogea. Inaaminika kwamba huyo ndiye binadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera, na hapana dalili kwamba alijua. Kwa miaka hamsini iliyofuata, yeyote aliyetaka picha yake ipigwe ilimbidi akae kimya mbele ya mashine. Huko kukaa kimya ndiko kulikokuwa ridhaa yake, na hapakuwa na haja ya sheria.

Mambo yalibadilika mwaka 1888, George Eastman wa Rochester, katika jimbo la New York, alipoanza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Iliuzwa dola 25, ilikuwa na filamu ya picha 100 ndani yake, na mwenyewe alipoimaliza aliirudisha kiwandani ikiwa nzima ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, ya dola moja. Kwa mara ya kwanza, karani, mwanafunzi au mke wa mchungaji aliweza kupiga picha barabarani bila kumwomba mtu yeyote atulie. Magazeti ya Marekani hayakukawia kuwalalamikia watu wa Kodak waliovizia waogaji ufukweni na wapenzi bustanini.

Malalamiko hayo yalipata lugha ya kisheria tarehe 15 Desemba 1890, pale Samuel Warren na Louis Brandeis walipochapisha makala yao kuhusu haki ya faragha katika jarida la sheria la Harvard. Walitaja waziwazi picha zinazopigwa papo kwa papo kuwa miongoni mwa mambo yaliyofanya haki hiyo ihitajike, wakiyaweka karibu na tamaa ya magazeti. Hata hivyo, mahakama hazikufuata mara moja. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1902, binti mmoja alikuta sura yake imechapishwa katika matangazo yapatayo 25,000 ya unga wa ngano bila yeye kuulizwa. Mahakama ya Rufani ya New York, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilisema kwamba sheria haikuwa na haki ya namna hiyo. Wananchi walikasirika, na mwaka 1903 bunge la jimbo likatunga sheria: ni kosa kutumia jina au picha ya mtu kwa ajili ya matangazo au biashara bila ridhaa yake ya maandishi.

Sheria hiyo yafaa isomwe kwa makini, hasa kwa kile isichokisema. Haikukataza kupiga picha. Ilikataza kuitumia picha kwa njia fulani. Mpiga picha wa ridhaa, ambaye picha zake huishia katika albamu au ukutani sebuleni, aliachwa nje kabisa. Haki yake haikuandikwa popote, ila ilibaki kama nafasi kati ya makatazo. Mpaka huo ulijaribiwa upya miaka mia moja baadaye. Kati ya mwaka 1999 na 2001, Philip-Lorca diCorcia alifunga taa juu ya jukwaa la wajenzi katika eneo la Times Square, akawapiga picha wapita njia kutoka mbali bila wao kujua. Mzee mmoja wa Kiyahudi, ambaye imani yake ilimkataza kutengenezewa sanamu, alikuta uso wake umetundikwa na kuuzwa. Mwaka 2006 mahakama mjini New York ilimkatalia madai yake, ikisema kwamba sanaa si biashara kwa maana ya sheria ile ya 1903, hata inapouzwa. Uamuzi huo ulimlinda msanii. Ni vigumu, lakini, kuusoma bila kumwonea huruma mzee yule.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina la kuongeza. Mzungumzaji ana miundo miwili mbele yake. Anaweza kusema alipiga picha ya mzee, ambapo picha ni yambwa ya kitenzi na mzee ni kikamilisho tu cha nomino. Anaweza pia kusema alimpiga mzee picha, ambapo kiambishi cha yambwa -m- kinamweka mzee moja kwa moja chini ya kitenzi, na picha inakuwa kama kile alichopigwa nacho. Katika muundo wa kwanza mtu ametengeneza kitu. Katika wa pili mtu ametendewa jambo. Sheria ya New York ilizungumza kwa muundo wa kwanza. Anayelalamika sokoni Kariakoo au katika mitaa ya Mji Mkongwe huzungumza kwa muundo wa pili: usinipige picha. Yeye haulizi picha itatumiwaje. Kwake tendo limekwisha kutendeka kamera ilipolia.

Bara la Ulaya nalo lilikwenda njia mbalimbali. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1907, baada ya wapiga picha wawili kuingia usiku na kupiga maiti ya Bismarck mwaka 1898; sheria hiyo ilidai ridhaa kabla ya kusambaza picha ya mtu, lakini ikaruhusu picha ambazo watu wanaonekana pembeni tu ya mandhari. Ufaransa iliingiza heshima ya maisha binafsi katika Kanuni yake ya Madai mwaka 1970. Hungaria, nchi iliyowazaa André Kertész, Brassaï na Robert Capa, ilikwenda mbali kuliko zote: Kanuni yake ya Madai iliyoanza kutumika Machi 2014 inadai ridhaa hata kwa kule kupiga tu, ingawa imeacha nafasi kwa picha za umati na za watu walio katika shughuli za hadhara. Kwa maneno mengine, Hungaria imeandika sheria kwa muundo wa pili wa Kiswahili.

Katika pwani ya Afrika Mashariki picha iliingia kwa milango miwili isiyofanana. Mmoja ulikuwa studio. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mfano maarufu: mteja alivaa nguo zake nzuri, akaja kwa miguu yake, akachagua namna ya kukaa. Mlango mwingine ulikuwa postikadi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wapiga picha wa Zanzibar, A. C. Gomes akiwa mmojawapo, waliuza picha za mji na wakazi wake kwa wasafiri wa meli. Chini ya picha za namna hiyo mara nyingi hapakuandikwa jina la mtu, bali kabila lake au kazi yake: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Yeyote anayezungumza juu ya uhuru wa kupiga picha katika miji ya pwani hana budi kuanza na postikadi hizo, maana mashaka ambayo wakazi wengi wa miji hiyo wanayo mbele ya kamera ya mgeni hayakuzuka hewani. Wazee wao walipigwa picha wasiulizwe, wakauzwa wasijue.

Mtu wa tatu, askari, aliingia kwa sheria nyingine kabisa. Mwaka 1911 Uingereza ilitunga Sheria ya Siri za Serikali ikiwa na hofu ya majasusi wa Kijerumani. Ilikataza kutengeneza mchoro ambao ungeweza kumfaa adui, na katika kufasili maneno yake ikasema kwamba mchoro ni pamoja na picha ya kamera. Ukoo huo wa sheria ulirithiwa na makoloni na kuendelezwa baada ya uhuru. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 na ile ya usalama wa taifa ya Tanzania ya mwaka 1970 ni wajukuu wake. Zinahusu mahali palipolindwa na nia ya kudhuru. Lakini sheria inapoteremka kutoka kitabuni hadi kwa mlinzi wa daraja, nia husahaulika na mahali hupanuka, hata benki, stesheni na jengo lolote lenye bendera likahesabiwa kuwa siri.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000 kilimruhusu polisi, katika eneo lililotangazwa, kumsimamisha na kumpekua mtu bila kumshuku kwa lolote. Eneo lililotangazwa likawa London yote, na tangazo likawa linafanywa upya mfululizo tangu mwaka 2001. Wapiga picha, wa kulipwa na wa ridhaa, walijikuta wakisimamishwa mbele ya majengo ambayo kila mtalii huyapiga. Tarehe 12 Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitamka kwamba mamlaka hayo yalikiuka haki ya maisha binafsi, kwa kuwa hayakuwa na mipaka ya kutosha. Tarehe 23 mwezi huohuo wapiga picha walikusanyika Trafalgar Square na kamera zao kusema kwamba wao si magaidi. Kifungu kilisimamishwa Julai mwaka huo na kufutwa kwa sheria ya mwaka 2012. Inachekesha kidogo kwamba uwanja huo waliouchagua una sheria ndogo zake, ambazo kupiga picha kwa biashara kunahitaji kibali cha maandishi. Aliyekuja kwa ridhaa alikuwa na haki zaidi hapo kuliko aliyekuja kikazi.

New York ilijaribu njia ya makarani. Mwaka 2007 ofisi ya meya inayoshughulikia filamu ilipendekeza kwamba watu wawili au zaidi wanaotumia kamera mahali pamoja kwa zaidi ya dakika thelathini wawe na kibali, na pia bima ya dola milioni moja. Mtu na mkewe wakingojea jua lichwe mtoni Hudson wangevunja kanuni. Upinzani ulikuwa mkubwa, na kanuni zilizopitishwa mwaka 2008 zilisema kwamba kamera ya mkononi, au yenye stendi ya miguu mitatu, haihitaji kibali.

Katika visa vyote hivi, swali ambalo mpiga picha huulizwa barabarani ni moja: una ruhusa? Neno hili linastahili kuchunguzwa. Kiarabu kilikotoka, rukhsa katika fiqhi ni tahafifu itolewayo pale ambapo hukumu ya asili ni kinyume chake. Msafiri ana rukhsa ya kula mchana wa Ramadhani kwa sababu asili yake ni kufunga. Kiswahili kimeipanua maana, lakini chembe ya asili imebaki. Anayeulizwa ruhusa amekwisha kuambiwa, bila kutajiwa kifungu, kwamba asili ya jambo lake ni katazo. Haki hufanya kazi kinyume: asili ni kuweza, na mwenye kukataza ndiye wa kuonyesha kifungu.

Kibao nacho husaidia kuficha tofauti hiyo. Hairuhusiwi kupiga picha ni sentensi ya kauli ya kutendwa iliyokatwa mkia. Sarufi inaruhusu kuongeza na fulani, yaani mtenda, lakini vibao havimtaji. Msomaji hajui kama asiyeruhusu ni Bunge, ni halmashauri ya mji, ni mwenye duka, au ni mlinzi aliyenunua rangi mwenyewe. Neno hadhara, kwa upande mwingine, lilitokana na kuhudhuria, kama lilivyo neno mhadhara. Mahali pa hadhara ni pale watu wanapokuwapo mbele ya macho ya wenzao, apende au asipende mwenye kiwanja.

Sheria mpya za nchi za Afrika Mashariki zimeanza kuzigusa ridhaa zote mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31 na uhuru wa kujieleza katika ibara ya 33, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani, mlango ambao mpiga picha wa ridhaa anaweza kupitia mradi albamu yake ibaki albamu. Akiiweka picha mbele ya dunia nzima kwa simu, kama wengi wafanyavyo, ni vigumu kusema kwamba bado yuko sebuleni.

Nchini Tanzania, tangu mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kazi ya kutafsiri sheria za zamani imewafikia wanaisimu. Watakapofika kwenye fasili ile iliyorithiwa kutoka mwaka 1911, watakuta neno lililomeza kamera bila kulalamika katika Kiingereza. Kwa Kiswahili mchoro huchorwa na picha hupigwa. Mfasiri atalazimika kuamua kama atalinyoosha neno mchoro hadi liifikie simu ya mwanafunzi aliyesimama kwenye Daraja la Kigamboni, au ataandika picha waziwazi, na hapo Bunge litaulizwa ni picha gani, ya mahali gani, na kwa nia gani.