Kituo cha Reli cha Lake Louise

Kituo cha reli cha Lake Louise ni jengo la kihistoria katika kijiji cha kitalii cha Lake Louise, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Banff, jimbo la Alberta, nchini Kanada.

Historia

Reli ya Canadian Pacific ilifika hapa mwaka 1883. Mahali paliitwa Holt City, kisha Laggan. Jina la sasa linatokana na ziwa lililo juu ya kijiji, ambalo lilipewa jina la Louise, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Wenyeji Wastoney Nakoda waliliita Ziwa la Samaki Wadogo.

Mwaka 1890 kampuni ya reli ilijenga nyumba ya wageni ziwani ili kuvutia abiria. Watalii walipoongezeka, kituo kipya kilijengwa mnamo 1910. Kuta zake ni za magogo, zikilingana na misitu inayokizunguka. Kuanzia 1912 hadi 1930 tramu iliwapandisha wageni kutoka kituoni hadi hotelini.

Hali ya sasa

Treni ya abiria ya VIA Rail iliacha kupita njia hii Januari 1990. Vituo vingi vya Kanada vilikuwa vimebomolewa baada ya kukosa kazi, hata Bunge likatunga sheria ya kuvilinda mwaka 1988. Kituo hiki kiliorodheshwa chini ya sheria hiyo mwaka 1991. Baadaye kikawa mkahawa, na treni za mizigo bado hupita mbele yake.