Unga wa Gisimenti na Hadithi ya Ulimi Baridi

Wandugu, wiki hii tunaandika juu ya kitu ambacho kwenye kikundi tulizoea kukicheka: ule unga wa mizizi unaouzwa Gisimenti jioni, ndani ya vichupa vya juisi vilivyooshwa. Muuzaji anasema una kazi mbili. Unafungua ulimi wa mwenye kigugumizi, na unaamsha nguvu za kiume. Mmoja wetu alinunua kwa faranga elfu tano, na si kwa ajili ya kazi ya pili, ingawa tulimtania sana. Alikuwa anangoja mahojiano ya faili yake. Kwenye mahojiano ya kwanza alikwama kwenye "mbili" ya 2012, mwaka waliokimbia Masisi. Aliyekuwa anaandika akadhani anatafuta la kutunga.

Basi tukajiuliza: hizi kazi mbili zilikutana wapi, mpaka zikaingia kwenye chupa moja?

Zilikutana zamani sana, kwenye fikra ya joto na baridi. Waganga wa Ugiriki, na baada yao akina Ibn Sina, waliupima mwili kwa joto, baridi, ukavu na unyevu. Elimu hiyo ilifika mpaka pwani ya Waswahili, ndiyo maana huko bado utasikia chakula hiki kina moto, kile ni baridi. Mwingereza Francis Bacon, aliyekufa 1626, aliacha kitabu kinachosema kwamba wengi wenye kigugumizi wana ulimi baridi, na kwamba wakinywa divai kwa kiasi wanasema vizuri zaidi kwa sababu inawapasha. Hamu ya mapenzi nayo ilihesabiwa kuwa moto. Ukishaamini hivyo, mzizi mmoja mkali unatosha kwa ulimi na kwa kitanda. Muuzaji wetu hajasoma Bacon, lakini wamekaa dawati moja.

Wengine hawakungoja joto, walishika kisu. Mwaka 1841, Berlin, daktari Johann Friedrich Dieffenbach alikuwa anakata kipande kwenye shina la ulimi ili kuponya kigugumizi. Dawa ya usingizi haikuwepo. Etha ilianza kujulikana kwenye upasuaji 1846. Tulipofika hapo mwenzetu aliziba mdomo kwa mkono, akasema heri unga.

Unga wenyewe, kwa harufu, tunadhani una mulondo ndani. Waganda wanauita hivyo, Kakamega wanaita mukombero, Wakongo wa Kinshasa wanajua kimbiolongo. Kitaalamu ni Mondia whitei. Unanukia kama vanila na watu wanautafuna mchana kweupe. Cameroon waliupima kwa panya dume, na majibu yakagongana: utafiti mmoja ulikuta mbegu za uzazi zimepungua, mwingine ukakuta homoni ya kiume imepanda. Habari ya ulimi, hakuna. Na msiseme wasomi wanadharau majani yetu. Hapa Rwanda, chuo kikuu cha Butare kilichunguza umuravumba maabara miaka ya 1980, kwa sababu wazee walisema unaponya.

Sasa sikieni kilichotushangaza. Dawa zilizowahi kutuliza kigugumizi kweli, angalau kwa baadhi ya watu, zilikwenda njia ya kinyume. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji 1958 na timu ya Paul Janssen, kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Miaka ya 1970 ikajaribiwa kwa wenye kigugumizi, na wengine walisema kwa urahisi zaidi. Inazuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosukuma mwendo wa mwili na hamu pia. Kwa hiyo ulimi ulitulia, na mwenye ulimi naye akatulia kupita kiasi: usingizi, viungo kukakamaa, hamu ya mapenzi kupotea. Wengi waliiacha.

Hata mizizi ina mfano wake. Rauvolfia inaota kwenye misitu ya Kongo, na magamba yake yaliuzwa viwanda vya Ulaya. Kutoka kwa ndugu yake wa India, Waswisi walitoa reserpini mwaka 1952. Ilishusha presha ya damu, lakini ilileta huzuni, na wanaume wakalalamika kimya kimya. Mmea wa kupoza upo, basi. Lakini chupa moja iwashe huku na ilegeze kule?

Kigugumizi chenyewe mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitaja jeni walizozikuta kwa familia za Pakistani, na 2015 nyingine kwa familia ya Cameroon. Si ulimi baridi, si uongo.

Mwenzetu alikunywa vijiko viwili usiku wa kuamkia mahojiano. Moyo ulimwenda mbio, hakulala, asubuhi alikwama hata kwenye jina lake. Wakamwahirisha. Mara ya tatu alikwenda bila kunywa kitu, na karatasi mfukoni: "Nina kigugumizi. Naomba munipe muda." Aliiweka mezani kabla ya kukaa. Yule mama aliisoma, akaweka kalamu chini. Anatuambia ile "mbili" ilichukua karibu dakika nzima.

Chupa bado iko kwenye dirisha la chumba chetu, imejaa nusu.