Waya wa Zamani na Waya wa Zama Zake

Mwambie fundi umeme wa magari mjini Bukoba kwamba unataka Land Rover ya mwaka 1955 ifungwe "waya za zamani". Kwa nia njema kabisa atakwenda kwenye gari bovu, avue nyaya zilizochakaa, akufungie. Atakuwa ametimiza ulichosema, si ulichokusudia. Wanaorejesha magari ya kale ya kijeshi katika hali yake ya awali hutaka kitu kingine: nyaya za aina, rangi na ufungaji ule ule uliokuwepo gari lilipokuwa kazini. Kiswahili cha gereji kina "wayaringi", neno linalobeba kazi yote ya umeme bila kuuliza ni ya lini. Napendekeza tuseme "usukaji nyaya wa zama zake".

Nimechagua "usukaji" kwa sababu ndicho kilichofanyika hasa. Kabla plastiki haijaenea, waya wa gari ulikuwa shaba iliyovikwa mpira, na juu ya mpira ukasukwa uzi wa pamba uliopakwa vanishi. Nyaya nyingi zikakusanywa pamoja na kusukiwa ganda moja la pamba, zikichomoza tawi moja baada ya jingine: hili la taa, hili la honi, hili la dainamo. Fungu hilo zima tuliite "msuko". Aliyekulia kwenye nyumba ya mikeka ya Wahaya anajua kwamba ukindu mmoja ukikaa pasipo pake, jicho linauona. Msuko wa nyaya ni vivyo hivyo.

Rangi nazo zina sarufi. Katika magari mengi ya Kiingereza, kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja, nyeupe hupita kwenye swichi ya kuwashia, kijani hupitia fyuzi baada ya swichi hiyo, na nyeusi huenda kwenye bodi. Uzi wa rangi ya pili ukipita juu ya ya kwanza, hutaja tawi. Wamarekani walishika njia nyingine: magari yao ya kijeshi ya miaka ya 1950 yalitumia volti 24, viungio visivyopitisha maji, na vibati vyenye namba kwenye kila waya. Mwenye kuchanganya mifumo hii miwili katika gari moja ameandika sentensi yenye lugha mbili.

"Zama zake" ndiyo sehemu nzito. "Zamani" husema tu kwamba siku zimepita. "Zama zake" hudai tarehe. Land Rover za mwanzo zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 zikageuzwa, ikafungwa hasi. Fundi asiyejua mwaka wa gari anaweza kuunguza redio kwa kosa la waya mmoja.

Kwetu Kagera tarehe yenyewe ina maswali. Baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia Oktoba 1978, na daraja la Kyaka kulipuliwa mwanzoni mwa Novemba, Serikali ilichukua hata malori na mabasi ya kiraia kubeba askari na shehena. Lori la aina hiyo lina zama mbili: siku lilipotoka kiwandani na siku lilipoingia vitani. Kama fundi wa mwaka 1979 aliongeza waya wa taa kwa haraka njiani kuelekea Kampala, waya ule ni sehemu ya historia. Kuung'oa ili kurudisha usafi wa kiwandani ni kufuta ushahidi. Makaburi ya mashujaa yaliyoko Kaboya, Muleba, yanatukumbusha waliopanda magari hayo wasirudi. Chombo kilichowabeba kinastahili kusomwa kwa uangalifu.

Usahihi huu hauamuru ujinga. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Pamba hunyonya maji, mpira hupasuka, shaba huota kutu ya kijani, kisha shoti huzaa moto. Kwa hiyo waya mpya wenye plastiki ndani na msuko wa pamba nje unakubalika, na fyuzi ya ziada iliyofichwa inakubalika pia, mradi kila badiliko liandikwe kwenye daftari la gari.

Kidahizo chake kamusini kingekuwa hivi:

usukaji nyaya wa zama zake *nm* kufunga nyaya za umeme za gari la kale kwa vifaa, rangi na mpangilio wa mwaka uliotajwa: *Lori hili limefanyiwa usukaji nyaya wa zama zake, za 1979, na waya wa taa ulioongezwa vitani umeachwa mahali pake.*