Miundo midogo ya aljebra, uhesabuji wa
Ni kazi ya kuorodhesha seti zenye memba wachache ambazo matendo yake hutii kanuni za msingi za hesabu, huku miundo inayotofautiana kwa majina ya memba tu ikihesabiwa kuwa mmoja. Seti ya memba 2 ina majedwali 16 ya tendo moja, na 8 kati yake, likiwemo lile la kujumlisha shufwa na witiri, hutii kanuni ya kuhamisha mabano, yaani a(bc) = (ab)c, nayo ni miundo 5; kwa memba 3 majedwali hufikia 19,683, lakini yanayopita ni 113 tu. Kanuni za msingi za namna hii zilisisitizwa katika vitabu vya hisabati vilivyoanza kuandikwa mwaka 1962 kwenye warsha za Entebbe, jirani na Kampala. Jambo gumu zaidi liliulizwa na Alfred Tarski: je, kanuni za shuleni, pamoja na zile za vipeo, zatosha kuthibitisha kila mlinganyo ulio kweli kwa namba za kuhesabia? Alex Wilkie alionyesha kuwa hazitoshi, na mwaka 1985 Gurevič akaunda kielelezo cha memba 59 kinachoonyesha hivyo, ambacho Burris na Yeats walikipunguza hadi 12.