Nani alimlaani Hamu?

Kama umewahi kusafiri kwa basi la mkoani huenda hii umeshaisikia. Alfajiri, gari limejaa, dereva bado anamalizia chai, anapanda mhubiri na Biblia yake kwapani. Anaombea safari, halafu anaanza kutueleza kwa nini Mwafrika haendelei. Jibu lake ni laana ya Hamu. Babu yetu alimdharau baba yake, akalaaniwa, na sisi tumerithi. Watu wanaitikia amina, sadaka inakusanywa, tunaondoka.

Sina ugomvi na mhubiri wa basi. Nina hamu tu (samahani kwa jina) ya kujua laana hiyo ilitufikiaje, maana kwenye Biblia yenyewe haimo. Hebu fungua Mwanzo sura ya 9, anzia mstari wa 20 mpaka wa 27. Mistari minane tu. Nakusubiri.

Umeona? Nuhu ametoka safinani, kapanda mizabibu, kanywa divai, kalewa, kalala uchi hemani. Hamu anamwona, anatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanaingia kinyumenyume ili wasimwone mzee, wanamfunika. Nuhu anapoamka anatoa laana. Anamlaani nani? Kanaani! Mtoto wa Hamu, ambaye katika kisa chote hatuambiwi amefanya nini. Yeye ndiye atakuwa mtumwa wa ndugu zake. Rangi ya ngozi ya mtu haijatajwa. Afrika haijatajwa.

Sasa nenda sura ya 10. Hamu ana watoto wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi ndilo jina ambalo Biblia inalitumia kwa nchi iliyo kusini ya Misri, sehemu za Sudan ya leo. Yeye hakulaaniwa. Aliyelaaniwa, Kanaani, anapewa mipaka yake humo humo kwenye sura: kutoka Sidoni kuelekea Gaza. Wasomi wengi wa Biblia wanaona hapo ndipo ilipo siri ya kisa hiki. Waisraeli walikuwa na mgogoro wa ardhi na Wakanaani, na hadithi inaeleza kwa nini jirani yule anastahili kutawaliwa. Siasa za mipaka, kama za leo.

Lakini angalia, kisa kina mashimo. Kwa nini kosa la baba analipa mtoto? Hamu alifanya nini hasa, kuangalia tu? Mwandishi hasemi. Na andiko likiwa na shimo, msomaji analijaza kwa alichonacho mfukoni. Historia ya mistari hii minane ni historia ya watu walivyojaza mashimo yake, na mara nyingi walichojazia ni maslahi yao.

Anza na Ulaya ya karne ya 12, ambako watu weusi walikuwa wachache sana. Mtawa mmoja, Honorius Augustodunensis, aliandika kwamba watu huru wametokana na Shemu, mashujaa wa vita na Yafethi, na watwana wanaolima mashamba ya mabwana wametokana na Hamu. Watwana gani? Wazungu! Wakulima weupe kabisa, wa Ulaya hiyo hiyo. Wakati ule aliyehitaji kuelezewa kwa nini ananyanyaswa alikuwa mkulima, na Hamu akapewa sura ya mkulima.

Upande wa ulimwengu wa Kiislamu nako simulizi ilikuwepo, ingawa Kurani haina kisa hicho cha ulevi wala laana hiyo. Wataalamu wa nasaba walisimulia kwamba watu weusi ni weusi kwa sababu ya dua ya Nuhu. Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis, aliwajibu mwaka 1377, na jibu lake ni la mtu aliyefungua kitabu na kukisoma: Torati inataja laana ya utumwa, haitaji weusi hata kidogo, na rangi ya ngozi inatokana na joto la nchi mtu anayoishi. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, karibu 1615, Ahmad Baba wa Timbuktu aliulizwa kuhusu biashara ya watumwa. Akaikataa hoja ya Hamu, akimtumia Ibn Khaldun huyo huyo. Simgeuzi kuwa mpinga utumwa wa kisasa, maana yeye alikubali utumwa kwa asiye Mwislamu. Alichokataa ni weusi kufanywa sababu. Kwa hiyo anayesema watu wa zamani "hawakujua" asitudanganye. Maktaba ya Timbuktu ilijua.

Mreno Gomes Eanes de Zurara, mwandishi wa mfalme, alikuwa katikati ya mambo. Mwaka 1453 aliandika juu ya Waafrika waliotekwa na kugawanywa kama mizigo pale Lagos, kusini mwa Ureno, mwaka 1444. Katika maelezo yake anamtaja mtoto wa Nuhu aliyelaaniwa baada ya gharika, na jina analompa ni lile la Kaini, muuaji wa Habili! Kachanganya Hamu na Kaini. Haikumzuia mtu kununua.

Baada ya hapo biashara ilikua na tafsiri ikakua nayo. Tarehe 21 Machi 1861, wiki chache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Alexander Stephens, makamu wa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alihutubia Savannah, Georgia. Alisema utumwa ndio hali inayomfaa mtu mweusi, iwe kwa maumbile yake au kwa laana ya Kanaani. Ona kwamba jina analitaja sawasawa, Kanaani. Alilisoma andiko, ila mtu mweusi alikuwa ameshamweka humo kabla hajafungua ukurasa.

Waliokuwa upande wa pili wa mjeledi nao walikuwa wasomaji. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, akajifunza kusoma kwa kuibia. Katika kitabu chake cha mwaka 1845 ana hoja ambayo kila nikiirudia nacheka. Mabwana wanazaa na watumwa wao wa kike, na sheria inasema mtoto anafuata hali ya mama, yaani mtumwa. Sasa kama ni uzao wa Hamu tu unaoruhusiwa kufanywa mtumwa, basi utumwa wa Kusini karibu utakuwa kinyume na maandiko, kwa sababu kila mwaka wanazaliwa watumwa wengi wenye baba mzungu. Yeye mwenyewe baba yake alikuwa mzungu.

Alexander Crummell yeye hakufanya mzaha. Mzaliwa wa New York, mchungaji, alisoma Cambridge kisha akaenda kufanya kazi Liberia. Katika kitabu alichotoa mwaka 1862 kuna insha nzima juu ya mstari wa 25: aliyelaaniwa ni Kanaani, Wakanaani si mababu wa watu weusi, kwa hiyo laana haituhusu. Utasema naye alikuwa na maslahi, alikuwa mtu mweusi. Ni kweli. Ila maslahi yake yalimlazimu asome kwa makini, wakati maslahi ya Stephens yalimruhusu asome kwa haraka. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "kila mtu na tafsiri yake" kana kwamba tunachagua rangi ya shati. Mashimo ya andiko yanaruhusu tafsiri nyingi. Hayaruhusu zote.

Sasa njoo upande ambao ulitugusa sisi huku Maziwa Makuu. Mwaka 1798 Napoleon alivamia Misri akiwa na wasomi zaidi ya 150, na Ulaya ikapigwa butwaa na mahekalu na makaburi yale. Tatizo likazuka. Misri ni mtoto wa Hamu, na Hamu wao alikuwa mweusi na mtumwa. Mtumwa aliwezaje kujenga vile? Ungetegemea wabadilishe mawazo juu ya mtu mweusi. Wapi! Walimbadilisha Hamu. Ghafla wakakumbuka kwamba aliyelaaniwa ni Kanaani tu, hoja ile ile ya Crummell, ila wao waliitumia kusema kwamba watoto wengine wa Hamu walikuwa weupe. Hamu akawa mzungu aliyeungua jua kidogo, na popote Afrika palipoonekana ufalme au mfumo mzuri wa utawala, aliyeuleta ni yeye. Mwanahistoria Edith Sanders aliufuatilia mgeuko huo katika makala yake ya mwaka 1969, na wanahistoria wengi wamepita njia yake.

John Hanning Speke alibeba Hamu wote wawili kwa mpigo. Katika kitabu chake cha 1863 utangulizi unamweleza Mwafrika kama mtoto wa Hamu aliyelaaniwa kuwatumikia ndugu zake. Mbele kidogo, akifika Karagwe kwa Rumanika, halafu Buganda na Bunyoro, anawaona watawala wa kihima na kusema hawa si wenzao, hawa wametoka Uhabeshi, mchanganyiko wa Shemu na Hamu. Ushahidi wake ulikuwa sura zao.

Kuna kisa anachokisimulia mwenyewe. Mwaka 1862 alikuwa Bunyoro kwa mfalme Kamrasi, akachukua Biblia kumfafanulia asili yake tangu Adamu. Kamrasi alisikiliza, kisha akaanza kuhesabu kurasa, akidhani kila ukurasa ni mwaka mmoja tangu dunia iumbwe. Alifika kama robo ya kitabu. Speke anakieleza kwa dharau. Mimi najiuliza nani kati ya wale wawili alikuwa mbali zaidi na maana ya kitabu kile: anayehesabu kurasa zilizopo, au anayesoma kabila la Wahima mahali ambapo halijaandikwa. Na ni mwaka ule ule wa kitabu cha Crummell.

Nadharia ya Speke ikaingia shuleni na ofisini. Charles Seligman, profesa wa London, aliandika mwaka 1930 kwamba ustaarabu wa Afrika ni wa Wahamiti, na Wahamiti ni tawi la watu weupe. Nchini Rwanda wamisionari na wakoloni, Wajerumani kisha Wabelgiji, walishaamua kwamba Watutsi ndio hao Wahamiti, waliozaliwa kutawala, na Wahutu ni wa kutawaliwa. Hawa ni watu wa lugha moja, wanaoishi kwenye vilima vile vile. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho.

Halafu andiko likasomwa tena, na safari hii msomaji alikuwa mwanasiasa wa Kihutu. Kama Mtutsi alikuja kutoka Uhabeshi, basi ni mgeni, na mgeni anaweza kurudishwa. Tarehe 22 Novemba 1992, Léon Mugesera, kiongozi wa chama tawala, aliwaambia wafuasi wake Kabaya kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha maisha.

Sisemi mistari minane ya Mwanzo iliua watu Rwanda. Kulikuwa na vita, ardhi, madaraka, redio, na watu wazima waliopanga. Lakini wapangaji walihitaji neno la kumfanya jirani kuwa mgeni, na neno hilo walilikuta tayari limepikwa, limepita kwa Speke na kwa mapadri, likarudi likiwa na cheti cha sayansi.

Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni. Wengi walitupwa Nyabarongo. Mto ule haukuwapeleka Ethiopia. Unaingia Akagera, unapita chini ya daraja la Rusumo, mpakani na Ngara, na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Watu wa kandokando ya ziwa waliacha kula samaki. Upande wa Uganda, wavuvi na wanavijiji walisaidia kuwatoa majini, na karibu 11,000 wamezikwa huko, Kasensero, Lambu na Ggolo.