Mianzi Inayotambaa: Namna ya Kuidhibiti Katika Bustani Ndogo

Mwanzi hupandwa katika makazi kwa sababu zinazoeleweka: hukua haraka, huzuia upepo na vumbi, na hufanya uzio usiohitaji saruji wala mabati. Hata hivyo, katika kiwanja kidogo athari zake haziishii kwa aliyeupanda. Baadhi ya aina hupita chini ya uzio na kuchipua kwa jirani, na hapo mmea wa mapambo hugeuka kuwa shauri la kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwanzi ni jamii ya nyasi, na tabia yake huamuliwa na shina lililo ardhini. Aina nyingine zina mashina mafupi yanayopinda kuelekea juu, hivyo hukua kwa kichaka kimoja kinachopanuka polepole. Mwanzi unaogemwa ulanzi mkoani Iringa ni wa kundi hili. Kundi la pili lina mashina marefu yanayosafiri mlalo, kwa kawaida katika sentimita 30 za juu za udongo, na kutoa machipukizi mita kadhaa kutoka mmea mama. Mianzi mingi ya jenasi ya Phyllostachys, yenye asili ya China, ina tabia hiyo.

Rangi si kigezo cha kuaminika. Mwanzi wa njano wenye mistari ya kijani, aina ya Bambusa vulgaris, hautambai. Phyllostachys aurea, ambao nao huweza kuwa na rangi ya njano, hutambaa. Mnunuzi achunguze pingili iliyo juu ya tawi: kwa Phyllostachys ina mfereji au ubapa upande mmoja, na kifundo hutoa kwa kawaida matawi mawili yasiyolingana. Pingili za Bambusa ni mviringo pande zote.

Anayepanda aina inayotambaa aweke kizuizi kabla ya kupanda. Kinachofaa ni karatasi nzito ya plastiki, inayozamishwa sentimita 60 hadi 75 na kuachwa sentimita 5 juu ya ardhi, ili shina linalojaribu kuvuka lionekane na kukatwa. Sehemu ya juu ielemee nje kidogo, ili shina likigonga lielekezwe juu badala ya chini. Maungio yafungwe imara, kwani mwanzi hupenya katika upenyo mdogo. Ukuta mwembamba wa zege hupasuka baada ya muda, na mabati huoza kwa kutu.

Pasipo uwezo wa kununua plastiki, mtaro wenye kina cha sentimita 30 kuzunguka kichaka hutosha, mradi ukaguliwe angalau mara mbili kwa mwaka na kila shina linaloingia likatwe. Mtaro uliosahauliwa ukajaa majani makavu hauna kazi.

Pale ambapo mmea umekwisha kuenea, kukata mabua mara moja hakusaidii, kwa kuwa akiba ya chakula imo ardhini. Shina linalounganisha mmea mama na machipukizi ya mbali likatwe kwanza kwa sururu au sepeto kali, kisha lichimbuliwe. Chipukizi linalobaki likatwe usawa wa ardhi kabla halijafungua majani, na kazi hiyo irudiwe kila linapojitokeza. Huenda ikachukua misimu kadhaa. Anayechimba karibu na bomba la maji au karo la majitaka afanye hivyo kwa mikono na kwa uangalifu.

Atakayeamua kutumia dawa ya kuua magugu ahakikishe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), afuate maelekezo ya kibandiko, na asiinyunyize karibu na kisima au mboga.

Mashina yaliyochimbuliwa yasitupwe mtoni wala kwenye kiwanja kisichoendelezwa, kwani kipande chenye jicho huweza kuota upya. Yaanikwe juani juu ya sakafu ngumu hadi yakauke kabisa. Mabua yaliyokomaa yahifadhiwe kwa ajili ya vichanja na miti ya kuegemezea nyanya.